Ulijua saa ngapi? Barua ya wazi kwa viongozi wa afya wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Haut-Katanga,
kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo,
kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo,
na kwa walimu wa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi zamu yangu imekuwa ya usiku. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si siri ya wodi moja. Wagonjwa wetu wanakufa kwa ubongo kuvimba, na sisi tulio kando ya kitanda tunakuja kujua wakati kujua hakusaidii tena. Ipo njia ya kuuchungulia ubongo kwa mwanga, bila kutoboa mfupa. Naomba ianze kupimwa hapa kwetu, juu ya vichwa vya watoto wetu. Na yapo mengine madogo ambayo hayana haja ya kusubiri.

Hospitali sitaitaja, haya yangeweza kutokea popote mjini. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alifika saa mbili usiku kwa pikipiki, amebanwa katikati ya motari na mama yake, malaria imeshampanda kichwani, degedege limempiga mara mbili njiani. Tulimchoma artesuneti, dawa ya malaria kali, tukapima sukari, tukaikuta chini, tukaipandisha. Degedege likatulia. Ilipofika saa saba mama yake akanigusa bega. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kiatu kimoja cha mtoto bado kiko mkononi mwake. Akaniambia: «Mama, angalia, sasa mutoto analala muzuri.»

Nikainama. Nikabonyeza kalamu juu ya ukucha wa mtoto, hakuvuta mkono. Nikafunua kope, nikawasha tochi ya simu yangu. Mboni ya kushoto ilinywea, polepole. Ya kulia haikutikisika, nyeusi, pana, imejaa karibu jicho zima. Nikazima, nikangoja, nikawasha tena. Ilikuwa vilevile.

Skana, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, ilikuwa upande wa pili wa mji, na umeme wa mtaa ule ulikuwa umekatika tangu jioni. Hata kama ungekuwepo, mtoto yule asingefika. Kabla ya alfajiri pumzi zake zikaanza kurukaruka, moja, kimya, mbili, kimya. Tulimpulizia kwa mfuko wa hewa, tukipokezana, hadi mikono ikachoka. Mama hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: «Ulijua saa ngapi?»

Nilijua saa saba. Ubongo ulikuwa umeanza kuvimba kabla ya hapo. Hayo masaa yaliyo katikati ndiyo ninayowaandikia.

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilopanuka, na hata la mtoto wa miaka minne halina tena utosi wa kumsaidia. Ndani yake ubongo wenyewe unachukua karibu asilimia 80 ya nafasi, na kilichobaki kinagawanywa kati ya damu na maji yanayouzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue. Mwanzoni mwili unajitahidi, unasukuma maji nje, unabana damu, na mgonjwa haonyeshi kitu. Mama zetu wanaofunga magunia ya makala, yaani makaa, wanalijua jambo hili kwa mikono yao: gunia likishajaa, ukisukuma bado linapokea kidogo, na kidogo tena, halafu ghafla hata kipande kimoja hakiingii. Ubongo nao ukifika hapo, presha inapanda kwa haraka ya kutisha. Mboni inayokataa kunywea maana yake ubongo umeshasukumwa kutoka mahali pake hadi unakandamiza neva inayoiendesha mboni ile. Tochi yangu haidanganyi, lakini inachelewa.

Wenye uwezo wanapima presha hiyo kwa kutoboa fuvu na kuingiza mrija mwembamba. Njia hiyo ilitungiwa utaratibu wake na daktari Nils Lundberg wa Uswidi mwaka 1960, na mpaka leo ndiyo kipimo cha kuaminika. Kwa mtu mzima mwenye afya presha haipiti milimita 15 za zebaki. Ikizidi 22 kwa aliyeumia kichwa, madaktari wanaanza kupambana nayo. Lakini mrija unataka mpasuaji wa ubongo, chumba safi cha upasuaji, na mtu wa kuulinda usilete wadudu ndani ya ubongo. Nani atamtoboa fuvu saa saba usiku mtoto mwenye malaria ambaye damu yake haigandi vizuri? Wala sisemi ifanyike.

Sasa zimeni taa usiku huu, waheshimiwa, mweke kidole juu ya tochi ya simu. Kidole kizima kitawaka chekundu. Rangi nyingine zinamezwa na nyama na damu, nyekundu inapita. Na kuna mwanga ulio mbele kidogo ya nyekundu, jicho letu haliuoni, unaitwa infraredi ya karibu, na unaotumika zaidi kwa kazi hii una urefu wa wimbi kati ya nanometa 700 na 900 hivi. Huo unapita zaidi, hata kwenye mfupa. Mwaka 1831 Richard Bright, daktari wa London, aliandika habari za mgonjwa aliyejaa maji kichwani kiasi kwamba mwanga ukiwekwa upande mmoja kichwa kiling'aa kama taa. Wauguzi wazee waliotufundisha nao walikuwa wakimpeleka mtoto mchanga mwenye kichwa kikubwa kwenye chumba chenye giza na kumwekea tochi kichwani. Elimu hii si ngeni kwetu. Ilikosa tu chombo cha kuhesabu.

Aliyeleta hesabu ni Frans Jöbsis, wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Aliinua mfupa bapa wa nyama ya ng'ombe kwenye mwanga, akaona wekundu unapenya, akajiuliza kama fuvu nalo halitapitisha. Mwaka 1977 alichapisha matokeo yake: aliweza kufuata oksijeni ndani ya ubongo wa paka aliye hai kwa kumulika kutoka nje tu. Kazi zote za namna hii zilizofuata zimetoka kwenye mlango huo.

Jinsi inavyofanya kazi si uchawi. Unaweka taa ndogo kwenye paji la uso, na sentimita tatu au nne kutoka hapo unaweka kijicho cha kupokea mwanga. Mwanga unaoingia unatawanyika ndani, na ule unaorudi kwenye kijicho umepita njia iliyopinda. Wanafizikia wenyewe wanasema ina umbo la ndizi. Damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa oksijeni hazimezi mwanga sawasawa: karibu na nanometa 760 iliyoishiwa inameza zaidi, karibu na 850 ni kinyume chake. Ukituma rangi hizo mbili na kulinganisha kilichorudi, unajua hali ya damu humo ndani. Maji nayo yana tabia yake, yanameza sana ukikaribia nanometa 970. Na seli zikivimba kwa maji, namna zinavyotawanya mwanga inabadilika. Kuvimba, basi, kunaacha alama kwenye mwanga hata kabla presha haijapanda. Watafiti wa California walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2011: mwanga uliorudi ulianza kubadilika mapema, presha ndani ya fuvu ikafuata baadaye.

Panya si mtoto, najua. Ndiyo maana siombi mnunue mashine kesho.

Kuna kitu kimoja ambacho tayari kimetoka kwenye maabara na kufika mikononi mwa watu. Kifaa cha Infrascanner, kinachoshikwa mkononi, kilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2011. Kinalinganisha upande wa kulia wa kichwa na wa kushoto, kikitafuta damu iliyovuja ndani ya fuvu. Kinaona damu inayozidi mililita tatu na nusu, mradi isiwe ndani zaidi ya sentimita mbili na nusu. Huo ndio mpaka wake, na wauzaji wasiwafiche: hakipimi kuvimba kwa ubongo, hakitoi namba ya presha, na kilichojificha katikati ya ubongo hakikioni. Skana inabaki kuwa skana. Lakini fikirini motari aliyeanguka barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au kijana aliyetolewa kwenye shimo la machimbo upande wa Likasi, amelala kwenye kituo kidogo ambako muuguzi ana mkasi, bandeji na simu. Kujua dakika ile ile kwamba upande mmoja wa kichwa una damu ni kujua nani apandishwe gari kwanza.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, na naomba walimu wa Kitivo walisome polepole. Ile saturometa tunayobana kidoleni kupima oksijeni ya damu, ambayo kila mtu aliijua wakati wa Covid, ni binamu wa vyombo hivi. Nayo inafanya kazi kwa rangi mbili za mwanga. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha kitu ambacho kilipaswa kutikisa kila hospitali ya Afrika. Walichukua wagonjwa ambao saturometa iliwaonyesha wako salama, oksijeni kati ya asilimia 92 na 96, wakapima damu yenyewe. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa wameshuka chini ya oksijeni ya 88 bila chombo kusema. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Zaidi ya mara tatu! Melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi, inameza mwanga, na waliotengeneza chombo hawakuipa hesabu yake inavyostahili. Tumekitegemea chombo hicho usiku baada ya usiku, juu ya ngozi ambazo hakikujaribiwa vya kutosha.

Vyombo vya kumulika ubongo vitapita kwenye ngozi ile ile, na juu yake nywele zetu nzito, na nywele zinazuia mwanga kuliko ngozi. Vikipimwa Ulaya na Amerika tu halafu vikaletwa kwetu kwenye sanduku, tutarudia kosa lile lile, safari hii kwa ubongo. Ndiyo maana nasema vipimwe Lubumbashi. Tunao watoto, tunao wagonjwa wa ajali, tunacho Chuo Kikuu chenye kitivo cha tiba. Tukingoja tuletewe jibu, tutaletewa jibu la vichwa vya watu wengine.

Mtaniuliza: hata ukijua mapema kwamba ubongo unavimba, utafanya nini? Ni swali la haki. Katika malaria ya ubongo, manitoli, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ilijaribiwa Uganda na India na haikuokoa watu. Lakini angalieni kilichoonekana Blantyre, Malawi, ng'ambo tu ya Zambia. Timu ya daktari Terrie Taylor iliwapiga watoto wenye malaria ya ubongo picha kwa mashine ya sumaku, na mwaka 2015 ikatoa hesabu. Watoto walikuwa 168. Waliokufa ni 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu walipopokelewa. Waliopona ni 143, na 39 kati yao nao walikuwa wamevimba vibaya.

Hao 39 nawafikiria sana. Walifika na ubongo ule ule uliojaa fuvu, na wakarudi nyumbani. Picha zilizorudiwa zilionyesha ubongo wao ukipungua siku zilizofuata. Waliokufa wengi walikufa kwa sababu pumzi ilisimama. Ikiwa mtoto anaweza kuvushwa masaa yale kwa oksijeni na mashine ya kupumulia, huenda ubongo ukashuka wenyewe. Na sisi ambao mashine za kupumulia tunazihesabu kwa vidole, ndio tunaohitaji kuliko mtu yeyote kujua ni mtoto yupi kati ya watano waliolala kimya anavimba. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni ya pili duniani kwa malaria, baada ya Nigeria. Hatuwezi kuwa wa pili kwa ugonjwa na wa mwisho kwa kuuchunguza.

Kabla ya vyombo vipya, kuna mwanga mwingine ambao tumeuacha bure. Jicho ni dirisha la ubongo, na si kwa mfano: neva ya jicho ni sehemu ya ubongo iliyochomoza mbele. Presha ndani ya fuvu ikipanda, kichwa cha neva hiyo nyuma ya jicho kinavimba, kingo zake zinafifia. Kioo cha kutazamia, oftalmoskopi, kilitangazwa kitabuni na Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1851. Huko huko Malawi ndiko walikotufundisha kwamba malaria ya ubongo inaacha alama zake nyuma ya jicho: mabaka meupe, mishipa iliyopoteza wekundu wake, madoa ya damu yenye kitovu cheupe. Anayeziona anajua kwamba koma ile, kule kupoteza fahamu, ni ya malaria kweli, si homa ya uti wa mgongo iliyokutana na malaria njiani. Nimefanya kazi mahali ambapo oftalmoskopi ilikuwepo, ndani ya kabati lililofungwa, betri zimevuja kutu ndani yake. Hakuna aliyetufundisha kuitumia.

Basi, naomba hivi. Kila hospitali kuu ya zoni ya afya ipate oftalmoskopi mbili, betri, matone ya kupanua mboni, na mafunzo kwa daktari mmoja na wauguzi wawili wa zamu ya usiku. Nasisitiza usiku. Matone hayo yanaifanya mboni isijibu mwanga kwa masaa kadhaa, kwa hiyo saa ya kuyatia iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, la sivyo mwenzangu wa asubuhi ataiona mboni pana na kudhani mtoto anakufa. Fishi yenyewe iwe moja kwa jimbo zima: kipimo cha koma cha Blantyre, kile cha 0 hadi 5, kila saa, pamoja na mboni na pumzi.

Kutoka kwa Kitivo naomba utafiti. Chukueni vyombo vya infraredi vya aina mbili au tatu, mviweke juu ya vichwa vya wagonjwa wetu kwa idhini ya wazazi, mlinganishe na skana, na jicho, na fishi zetu. Rangi ya ngozi ipimwe na iandikwe, unene wa nywele uandikwe. Kama havifanyi kazi kwetu, mtangaze kwa sauti hiyo hiyo ambayo mngetangaza kama vinafanya. Na wauguzi tuwe ndani ya kazi hiyo kama watafiti, maana ndio tunaokaa na mgonjwa wakati mmelala.

Kwenu Mheshimiwa Gavana na Mheshimiwa Waziri, nazungumzia pesa bila kuzunguka. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 inakwenda kwa mamlaka ya eneo linalochimbwa. Kampuni nazo zinatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Shaba inayopita Kasumbalesa kila siku kwenye malori inatoka kwenye ardhi ambayo watoto hawa wamezaliwa juu yake. Sehemu ndogo ya pesa hiyo inatosha kwa ninayoyaomba, pamoja na mafundi wawili watatu wa vyombo vya hospitali, waajiriwe na walipwe, ili kitakachonunuliwa kisije kugeuka kabati lingine lililofungwa. Na chochote kitakachonunuliwa kiwe na betri ya kukesha; delestaji, ule mgao wa umeme, hatuipangii sisi.

Nimeshaanza kidogo upande wangu. Kwenye daftari langu naandika saa ya kila mboni ninayoimulika, na saa mgonjwa aliyoacha kujibu. Nitalileta mbele ya yeyote kati yenu atakayeniita.

Mvua zetu zinaanza Novemba. Wiki chache baadaye pediatria, wodi ya watoto, inajaa, watoto wawili wawili kitandani. Naomba jibu kabla ya hapo.

Muuguzi wa zamu ya usiku, pediatria,
Lubumbashi